Mawe Ishirini, na Kijani Chake

Mbwa alibweka hadi sauti ikamkauka. Nyanchera alipotoka jikoni alimkuta mwanamke asiyemjua amechuchumaa kando ya shamba la mahindi, akilipapasa jiwe kama mtu anayempapasa ndama. Alisema anaitwa Apondi, anatengeneza bustani za nyumbani mjini Kisii, na alikuwa akipita tu Nyansiongo alipoliona rundo lile la mawe yaliyofukuliwa na jembe miaka nenda miaka rudi. Alikuwa na ngazi ya kujenga kwenye mteremko wa nyumba moja, na mwenye nyumba hakutaka mawe ya kuchonga. Alitaka yenye utando wa kijani, yaonekane yamezaliwa palepale.

Nyanchera alikuwa amehitimu masomo ya bustani mwaka uliopita, na tangu hapo kazi yake ilikuwa kukamua ng'ombe na kungoja simu isiyolia.

"Niwekee ishirini," Apondi alisema. "Kijani kisiguswe. Jumapili nakuja na pikapu, na yakitimia, wewe ndiye utakayeyapanga."

"Utayakuta, dada."

Aliyachagua siku hiyohiyo, akayaweka karibu na lango. Ijumaa alipeleka maziwa, akachelewa kwenye foleni. Aliporudi alimkuta mamake, Bochaberi, ameinamia beseni la povu, brashi ya waya mkononi. Ilikuwa siku ya maandalio ya Sabato. Sufuria ziling'aa, viatu vya kanisani viling'aa, na mawe yote ishirini yalikuwa yamesuguliwa yakatakata.

"Mgeni hapewi vitu vichafu," mama alisema, ameridhika kabisa.

Nyanchera alitaka kulia. Kisha akaiona mikono ile iliyochubuka, akasema asante.

Sabato hakuna kazi. Kanisani aliimba huku akihesabu kichwani. Kwenye rundo hapakuwa na mengine ya kijani; ya chini yalijaa udongo mtupu. Yaliyobaki yalikuwa ya ukuta mfupi nyuma ya jikoni, alioujenga mwenyewe likizo ya kidato cha tatu, bila saruji, ili udongo usiteremke uani. Kila mgeni aliusifu. Ndio uliomfanya asomee bustani.

Jumapili alfajiri aliubomoa kwa mtaimbo, jiwe baada ya jiwe, maua yakiinamia udongo uliobaki wazi. Mama alitazama weee, akaelewa bila kuambiwa, akaenda kuketi kwenye jiwe bapa la pembeni mwa ukuta, pale anapochambulia mboga za managu kila jioni.

Apondi alifika saa mbili kamili. Walipokuwa wakipakia, Nyanchera alimsimulia yote, mpaka brashi ya waya. Apondi alicheka, kisha akautazama ukuta uliobomoka. Alisema kumi na tisa yangetosha. Kidato cha juu cha ngazi angekijaza changarawe.

Nyanchera alilitazama jiwe la ishirini, ubavu wake wote kijani. Mama alikuwa bado ameketi juu yake.

"Nilikubali ishirini," akasema kwa sauti ndogo.

Bochaberi aliinuka, akajipangusa rinda, akainama kushika upande mmoja.

"Basi shika huko," alisema. "Mimi nitakalia moja kati ya yale safi."