Shuka Dirishani

"Mbona huanzi, baba?" mama mkwe aliuliza kutoka kwenye kochi. "Au na ukuta wangu nao mgumu?"

Swali lilimchoma Zege. Alijisogeza juu ya ngazi, akafuta jasho kwa mkono wa shati, akapima tena mahali alipokwisha kupima. Mlango wa chumba cha ndani ulikuwa wazi kidogo, na nyuma yake mkewe alikuwa akikunja nguo, au akijifanya kukunja nguo. Tangu Zege afike, hakuwa ametoka hata kumsalimu.

Jina la Zege alipewa na wateja. Juu ya madirisha ndiko kwenye zege lenyewe, lenye nondo ndani, na mafundi wengi wa mapazia wakifika hapo huvunja ncha za drili na kuanza kutafuta visingizio. Yeye hakuna ukuta uliomshinda. Nusu ya mji ililala gizani kwa raha kwa kazi ya mikono yake. Chumbani kwake tu ndiko kulikoning'inia shuka kuukuu kwa misumari miwili, na kila mkewe alipolalamika kwamba anavaa nguo mtaa mzima ukimtazama, alimjibu, "Ukuta wetu ule hautoboki, mke wangu. Umeshindikana." Lo! Hakuwahi hata kuujaribu. Alikuwa akirudi mabega yamemchoka, hataki kuiona drili, na uongo ulikuwa karibu kuliko ngazi. Mwishowe mke alifunga virago, akaja kwa mama yake.

Sasa mama huyu, mjanja ajabu, amemwita amtundikie pazia la kuvuta kwa kamba. Akishindwa, jina limekwenda na maji. Akiweza, mkewe yuko pale pale nyuma ya mlango, anasikia.

Alibonyeza. Drili ikalia, vumbi jeupe likammwagikia usoni. Ncha ikagonga nondo, ikapiga kelele, mkono ukamtetemeka mpaka begani. Angeweza kushuka hapo hapo na kusema basi. Akaihamisha ncha upana wa kidole, akaegemea kwa uzito wote, na zege likakubali.

Alipogeuka, mkewe alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mgumu?"

"Mgumu." Zege alimeza mate yenye vumbi. "Kuliko wetu. Wetu sijawahi kuugusa. Nilikudanganya."

Mama mkwe akakumbuka ghafla kwamba ana kitu jikoni. Zege alitoboa matundu yaliyobaki, akafunga skrubu, akatundika pazia na kuijaribu kamba, hayo yote bila kuthubutu kutazama mlangoni. Kisha akaanza kukusanya vifaa vyake.

"Drili iache," mke alisema.

"Kesho nina kazi kwa watu."

"Ndiyo maana nasema iache. Nikija, nitakuja nayo."

Alitaka kuuliza lini. Badala yake akaiweka drili chini, karibu na mlango wake.

Alirudi nyumbani mkono wa drili mtupu, hajui auweke wapi. Kabla hajavua viatu alichomoa misumari, akaliangusha shuka, akapanda juu ya kiti na kutia alama za penseli juu ya dirisha. Halafu akakaa kitandani. Taa za mtaa ziliingia zote. Mtu mmoja alipita nje, akapunguza mwendo, akamkodolea macho. Zege hakujificha. Alibaki amekaa hapo hapo, akitazamwa.