Kidole cha Pete cha Mzee Salesio

Mukiri wa Ciakuthii alikuwa wa mkono wa kushoto tangu tumboni; mamake aliapa hata mateke alikuwa akiyapiga upande huo. Kibirichia nzima ilijua, ikanyamaza. Wasiojua ni wakwe wa Timau, na Mzee Salesio, baba mkubwa wa Koome, mchumba wa Mukiri, alishasema: msichana wa kumpa mtu chakula kwa kushoto haolewi kwao.

"Leo wakija kuposa, ukitoa mkono huo nje ya leso, nitakukana," Ciakuthii alimwambia bintiye.

"Mama, na nikiwashwa?"

"Washwa kulia."

Wageni walipofika, Salesio hakungoja hata maombi. Alikuwa amesikia redioni kwamba siri imo vidoleni: kidole cha pete kikikipita cha kuonyeshea watu, huyo ni wa kushoto, hata akatae. Akatoa njiti ya kiberiti.

Salesio akapima vidole vya Mukiri, akageuza njiti, akapima tena. Cha pete kilikuwa kifupi!

"Huyu ni wa kulia kama kasisi!" akatangaza.

Ciakuthii angenyamaza hapo, mambo yangeisha. Lakini ulimi wake haukuzoea kulala njaa.

"Na wewe, Mzee? Tusije tukaoza mtoto kwa watu wa kushoto."

Wakampima. Kidole chake cha pete kilisimama juu ya mwenzake kama mnara wa kanisa. Koome akakohoa.

"Mimi nakula kwa kulia!" Salesio akafoka.

"Redio ndiyo imesema, Baba," Ciakuthii akamjibu. "Kama unabisha, menya waru moja tuone."

Mzee wa watu hakuwa amewahi kumenya hata kiazi kimoja. Akashika kisu kwa kulia, akakivuta kuelekea kwake, kikaiacha waru kikala kidole gumba cha mkono uo huo. Wanawake wakamfunga vitambaa mpaka mkono ukafanana na mtoto mchanga. Watu wote wakikikodolea macho kile kidonda, Mukiri alimenya beseni zima la waru kwa kushoto, na hakuna aliyemwona.

Mukimo wa viazi vya kupondwa ulipoiva, Mukiri akajisahau. Akampa Salesio sahani kwa mkono ule ule.

Ciakuthii akafumba macho. Salesio akautazama mkono wa Mukiri, akautazama wake uliofungwa, akainusa siagi ya mukimo. Kisha akanyoosha wa kushoto, akapokea.

Alipomaliza sahani ya pili akamwinamia Ciakuthii. "Mama Mukiri, njiti yangu iko wapi? Nataka kumpima Mukiri tena."

"Nimewashia moto, Baba. Ulidhani huo mukimo uliivaje?"