Séraphin Alipocheza Mbele ya Komisyo

"Mama Fidélie, na kama banamwambia acheze?"

Aliyeniuliza hivyo ni Mama Ngalula, jirani yetu wa Dilala, siku moja kabla ya komisyo ya waganga wa jeshi. Alikuwa ameinama juu ya jiko lake la mbabula, anageuza mikate ndani ya mafuta. Mimi upande wangu wa lupango, ua wetu mmoja, nilikuwa na pasi ya makala, ninanyoosha shati la bwana wangu Séraphin. Nilicheka.

"Acheze nini, mama? Anaenda kuonekana na baganga, haendi ku ndoa."

"Weye cheka tu. Ni fasi gani mu hii Zaïre banaanzaka kazi bila animasyo ya kumuchezea prezida? Karibu batatuchezesha ata ku kilio."

"Sema pole pole. Batu banapita."

Séraphin alisikia toka ndani. "Mama Ngalula," akaita, "na mi nikicheza, utanipatia nini?"

"Beseni muzima ya mikate, tata! Na ile mafuta inabakia, unakunywa!"

Akacheka. Kisha kicheko kikageuka kikohozi, nasi wawili tukaangalia kila mmoja moto wake, mpaka kikapita.

Kifua kile kilitoka vitani. Katika ile vita ya mwaka wa sabini na saba, kwenye njia ya Mutshatsha, lori la jeshi lililobeba mafuta na risasi lilishika moto na watu wakiwa ndani. Séraphin aliingia katika moshi akatoka na mtu mmoja. Akarudi tena, akatoka na Omer, rafiki yake wa tangu siku za mafunzo. Omer alikatwa mguu. Séraphin hakupoteza kitu cha kuonekana kwa macho; hata nyusi zake hazikuungua. Lakini moshi alioumeza haukutoka tena. Jeshi lilimrudisha nyumbani kwa mdomo tu, bila karatasi, wakamwambia apumzike.

Alipumzika, na kila mwaka pumzi yake ilikuwa fupi kuliko mwaka uliopita. Mwishoni hakuweza kulala chini kama watu. Alilala ameketi, mgongo ukutani, na mimi nilimwekea nyuma gunia la maganda ya mahindi. Alikuwa fundi wa kujenga, lakini alipotaka kuinua tofali moja tu, midomo yake ilibadilika rangi kama amekula matunda meusi. Nilimpeleka kwa masista. Sista Laurentine alisikiliza mgongo wake muda mrefu, kisha akanivuta pembeni.

"Mama, hii dawa shiye hatuna. Shindano zake ziko mu camp ya basoda tu."

Na kule kambini, askari wa mlangoni aliuliza neno moja kila tulipofika: karte. Karte ya invalide, ile inayosema serikali imekubali kwamba ugonjwa wako ulitoka katika kazi ya jeshi. Ukiwa nayo, unaingia, unachomwa sindano, na mwisho wa mwezi unapata kitu cha kukusaidia. Usipokuwa nayo, wewe ni raia anayekohoa.

Karte hiyo hutolewa na komisyo ya waganga kutoka Lubumbashi. Tangu vita haikuwa imefika Kolwezi hata mara moja, na hakuna aliyejua kama itarudi. Mimi niliyesikiliza pumzi ya Séraphin kila alfajiri kabla ya sala zangu, nilijua kwamba hawezi kungojea komisyo nyingine. Sikukosea. Mvua zilizofuata zilimkuta kaburini.

Asubuhi ile Mama Ngalula alikuja mapema kumwangalia. Akapiga makofi kwa mshangao.

"Tata Séraphin! Umenyoa ndevu! Umepaka mafuta! Ni nani atasema uko mugonjwa? Enda na mapindo ya shati inje, enda na kiatu moja!"

"Mi niko soda, mutu wa jeshi, mama. Siendi kuomba-omba ku kanisa."

"Njo sasa banakuona soda muzuri, banakurudisha ku vita!"

Nilimwambia hata mimi avae ile koti ya zamani. Hakutaka. Alisema mganga ana chombo cha kusikiliza kifua, hasikilizi koti. Nikafunga kola yake, nikaweka rozari yangu ndani ya kitambaa cha kiuno, tukaenda. Alikaa nyuma ya kinga, baiskeli yetu, mimi nikaisukuma, na watoto wa njiani wakatucheka, mama anamsukuma baba. Séraphin aliwapigia saluti.

Omer alitungojea mbele ya sale, ukumbi wa komisyo, anaegemea magongo yake mawili. Alikuwa mtu wa maneno. Kila siku ya Mungu baada ya misa alikunywa munkoyo kwetu, na kabla kikombe hakijaisha alianza ile hadithi: jinsi Séraphin alivyombeba "kama gunia ya bunga", na jinsi yeye kule begani alivyomtukana njia yote kwa sababu anautingisha mguu. Mtaa mzima uliijua. Watoto walikuwa wanaiigiza, mmoja gunia, mmoja Séraphin.

"Eh, bwana arusi!" akamwambia alipomwona amenyoa. "Bibi ni nani?"

"Ni weye. Njo nikubebe tena."

Wakacheka wote wawili, wakaingia. Wake tuliambiwa tubaki mlangoni. Nilisimama pale nilipoweza kuona.

Ndani kulikuwa na meza ndefu. Katikati aliketi major mganga, mtu mwembamba wa miwani. Kando yake, delege wa Chama, koti lake la abakosti limenyooka, alama ya Chama kifuani. Na kwenye kona niliona kitu kilichonifanya nimkumbuke Mama Ngalula: ngoma mbili, na vijana watatu wamevaa nguo zenye picha ya Guide, yaani rais.

Delege akasimama. "Citoyens! Mbele ya kazi, tumushangilie Guide wetu. Debout!"

Ngoma ikaanza, na watu wakasimama, Séraphin pamoja nao.

Asiyeishi siku zile anaweza kuuliza kwa nini hakubaki ameketi. Sisi watu wa Shaba, baada ya zile vita mbili, ya sabini na saba na ya mwaka uliofuata, tulikuwa tunahesabiwa kama ndugu wa waasi, hata yule aliyevaa nguo ya jeshi na kuumia ndani yake. Katika mtaa wetu fundi-cherehani mmoja alibaki kwenye kiti siku ya animasyo kwa sababu ya jipu. Walimchukua kumwuliza maswali. Aliporudi, jipu lilikuwa limepona, lakini yeye hakuwa tena mtu wa kusema na watu.

Omer aliketi, akapiga makofi. Hakuna anayemwambia mtu wa mguu mmoja asimame. Kwa Séraphin, delege aliangalia miguu yote miwili.

Séraphin alinitafuta kwa macho. Nilitikisa kichwa: hapana. Akatazama tena mbele, na akaanza kucheza.

Mungu anisamehe, alicheza vizuri. Katika ujana wake, kwao upande wa kaskazini, walimwita kutoka kijiji kingine ili aje acheze kwenye ndoa. Mabega yalikumbuka. Alianza kidogo, kama mtu anayelipa deni na kutaka kuondoka, lakini kijana wa ngoma alimwona, akamsogelea, akampigia yeye peke yake. Delege akapiga kelele: "Njo vile! Huyu ni militant! Kuja hapa mbele, citoyen!" Wakamvuta mbele ya meza. Akageuka, akashuka mpaka magotini, akapanda. Watu walishangilia. Mimi peke yangu, nafikiri, niliangalia mdomo wake. Ulikuwa umefungwa. Alikuwa anacheza bila kupumua, ili kikohozi kisitoke.

Ngoma ikanyamaza. Alirudi kwenye benchi amenyooka, akakaa, akashika magoti yake kwa mikono miwili. Shati nililonyoosha lilikuwa limeshikamana na mgongo.

Nilikuwa nashika rozari chini ya kitambaa, lakini maneno ya sala hayakuja. Nilisema tu: Mama Maria, angalia. Angalia.

Waliita Omer kwanza, kwa jina la serikali, Tshilombo, maana majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa mbele ya watu. Hakukawia. Mguu usiokuwako hauna mabishano. Major aliandika, delege akapiga muhuri, na Omer akaiweka karte katika mfuko wa shati, upande wa moyo. Alipopita mbele ya Séraphin alimgusa bega.

"Citoyen Mukalay."

Séraphin akasimama, akapiga visigino. Major akamwambia avue shati, akaweka chombo kifuani, kisha mgongoni. Alisikiliza. Akahamisha chombo, akasikiliza tena, na niliona uso wake unabadilika. Nikaanza kutumaini.

"Hii kifua ni ya tangu wakati gani?"

"Tangu... moshi, mon major. Mutshatsha. Lori..." Pumzi haikutosha kwa neno lililobaki.

"Docteur," delege akasema, anatabasamu, "shiye bote tuliona. Huyu anacheza kupita mimi na weye."

"Mapafu yake inalia, citoyen délégué."

"Mutu akicheza vile, mapafu yake haiwezi kulia?"

Watu wakacheka kidogo. Hapo kikohozi alichokuwa amekizuia tangu ngoma kikamshinda. Kilimkunja mpaka akashika ukingo wa meza, na delege akavuta karatasi zake nyuma.

"Ah! Sasa anakohoa!" akasema. "Tangu asubui hakukohoa, anaona muhuri, njo anakohoa!"

Walicheka sana safari ile. Nilitaka kuingia. Askari wa mlangoni aliweka mkono wake mbele yangu, si kwa ukali. "Mama, utamuharibishia," akaninong'oneza. Nikasimama.

Major hakucheka. Aliondoa miwani, akaipangusa, akairudisha. "Citoyen Mukalay, kwa kifua peke yake siwezi kusaini, juu batu banaumwaka kifua kwa mambo mingi. Lakini kama kuko mutu hapa alikuona mu ile moshi, aseme. Nitasaini sasa hivi."

Neno lile lilishuka ndani yangu kama maji. Nilimwangalia Omer. Séraphin hakuhitaji hata kugeuka. Alinyoosha mkono tu kuelekea benchi alipoketi.

"Citoyen Tshilombo," major akasema. "Ulikuwa mu ile lori?"

Omer akajiinua juu ya magongo. "Ndiyo, mon major."

"Nani alikutosha mu ile moto?"

Akafungua mdomo. Ninaapa mbele ya Mungu kwamba alikuwa anataka kusema. Lakini delege aliinua kidole, na sauti yake ilikuwa laini, kama ya mtu anayemwonya ndugu.

"Fikiri muzuri mbele ya kujibu, citoyen. Kama huyu ni mugonjwa tangu vita, basi ile alituchezea hapa ilikuwa nini? Alikuwa anamuchekea Guide? Na weye ulibakia mu kiti wakati benzako banasimama, unataka kumusimamia mutu wa namna ile?"

Mtu mmoja kwenye benchi akaanza kuangalia viatu vyake, kisha na jirani yake vile vile. Omer aliinua mkono mmoja kutoka kwenye gongo, akauweka juu ya mfuko wa shati, kama mtu anayetaka kujua kama moyo bado unapiga. Lakini mimi nilijua kilichokuwa mle mfukoni.

Alimwangalia Séraphin. Séraphin hakumwomba kwa neno lolote, wala kwa macho. Alisimama na shati mkononi, mbavu zake zote zinaonekana, na kila mtu alisikia pumzi yake ikiingia na kutoka, kama bawaba yenye kutu.

"Nilikuwa nimezimia, mon major," Omer akasema. "Sikuona mutu."

Major alimtazama muda. Kisha akafunga kalamu yake, akageuza karatasi. "Apte," akasema, yaani mzima, mwenye kuweza kazi. Delege akapiga muhuri.

Séraphin alianza kuvaa shati lake. Vifungo vilimsumbua. Askari wa mlangoni akaondoa mkono wake mbele yangu ili niingie kumsaidia, na wakati ule ule Omer alikuwa anakuja kutoka, gongo, mguu, gongo, macho chini. Tukakutana katika mlango mwembamba, na hakuna aliyeweza kupita bila mwenzake kusogea.

Sikumtukana. Nilikuwa nimemtaja katika sala zangu siku zote za juma lile, yeye na Séraphin pamoja, kwa pumzi moja. Nilimwambia kwa sauti ndogo tu:

"Tata Omer. Gunia ya bunga."

Alisimama. Gongo la kushoto liliteleza kidogo juu ya saruji, akalishika. Mkono wake ukarudi juu ya mfuko, ukakaa pale. Nikajibana ukutani kumpisha, naye akatoka juani.