Alama ya Kikombe

Siku mume wa fundi wa redio alipofariki, Jumanne asubuhi, kikombe chake cha chai kilikuwa bado juu ya kipokezi cha redio. Mkewe alikiosha, akafuta boksi mpaka likang'aa. Alama moja tu ya duara kwenye kifuniko haikutoka.

Wote wawili walikuwa mafundi, na kwa miaka sita mke aligombana na mumewe kwa alama ile.

"Hii ni mashine au meza ya mgahawa?"

"Niachie chai yangu, fundi," mumewe alikuwa akijibu.

Jumamosi baada ya mazishi, mama mkwe alivuta kiti mapema karibu na kipokezi. Binti yake alikuwa amesharudi kazini, kituo cha hali ya hewa, mlimani kusikofika simu. Sauti yake hushuka kwa redio kila Jumamosi saa kumi jioni, imegeuzwa tarakimu ambazo kipokezi huzirudisha kuwa sauti.

"Mwanangu," mama mkwe alisema, "mmoja nimemzika. Huyu usinipotezee."

"Shikamoo mama!" Sauti ya binti ilitoka safi. Halafu ikaanza kukatika vipande, ikazama.

Fundi alibadilisha waya, akabadilisha antena. Jumamosi ya pili mambo yakawa yale yale. Alipopima, akaujua ugonjwa: saa ya ndani ya kipokezi ilibaki nyuma ya saa ya mlimani, kwa kiasi kidogo mno, lakini kila pigo liliongeza pengo. Ni kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja. Mmoja akichelewa, michi inagongana. Lakini mbona miaka sita haikuchelewa?

Jumamosi ya tatu macho yake yaliangukia lile duara. Chini yake hasa ndipo ilipokaa fuwele, kijipande kinachoipigia mashine mapigo. Mumewe aliirekebisha ikiwa na joto. Joto la chai! Bila chai ilipoa, ikachelewa.

Alikimbilia jikoni.

"Chai saa hizi?" mama mkwe alishangaa.

"Si yangu, mama."

Aliweka kikombe juu ya duara, wakasubiri. Saa kumi ikafika.

"Shikamoo mama! Wifi, upo? Wiki mbili mnanipigia kelele 'hatusikii, hatusikii'! Nikasema basi, wifi kanichoka."

Dakika tano zikapita, kumi, sauti haikukatika. Fundi alibonyeza kitufe cha kusemea, akicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile.

"Kaka yako alikuwa anainywesha mashine chai!"

"Mjanja yule!" mama mkwe alipiga makofi. "Na mimi nilikuwa namkataza asizidishe!"

Sasa kila Jumamosi, saa kumi kasorobo, kikombe cha chai huwekwa juu ya kipokezi, na kifuniko hakifutwi.