Picha ya Hanifa

Mwantumu alifika Kibiti asubuhi kwa lori la mpunga kutoka Mohoro, akaenda moja kwa moja studio kwa Zuena. Binti yake, Hanifa, alikuwa amefariki kwa homa, na matanga yalikuwa ndiyo kwanza yameanuliwa. Picha pekee aliyowahi kupigwa mtoto yule ilipigwa pale studio siku ya Idi.

Zuena alikuwa na kamera isiyotumia filamu. Picha alizitunza kwenye kompyuta, na kila alipokwenda Dar es Salaam alizipeleka zikachapwe. Ya Hanifa ilikuwa bado.

"Pole sana, dada," Zuena alisema. "Picha yake imo humu. Ila mashine imegoma kuwaka tangu juzi. Nimemwita fundi Twalha kutoka Ikwiriri."

"Nitamsubiri," Mwantumu alisema, akaketi.

Twalha aliingia baada ya adhuhuri. Jenereta likawashwa. Kioo cha kompyuta kilibaki cheusi, na juu yake mstari mmoja wa Kiingereza. Alizima, akawasha tena. Mstari ukawa uleule.

"Mfumo unaoiamsha mashine umeharibika," alisema. "Naweza kuweka mwingine, lakini vyote vilivyomo vitafutika."

"Na picha?"

"Na picha, mama."

"Basi usiweke," Mwantumu alisema.

Twalha akachomeka disketi yake, inayoweza kuiamsha mashine bila kutegemea mfumo ulioharibika. Safari hii maandishi yalipanda kwenye kioo. Zuena alikuwa na desturi ya kuipa kila picha jina la mtoto, na majina yakawa yanapita moja baada ya jingine. HANIFA likatokea. Mwantumu aliinuka, akaligusa kwa kidole.

"Huyu hapa," alisema.

"Hilo ni jina tu, mama. Ngoja niitoe picha yenyewe."

Aliweka disketi tupu, akaiamuru mashine inakili. Ndani ya kasha kukaanza kugongagonga, kama mtu anayebisha hodi kwa ukucha. Mashine ikajibu kwamba imeshindwa kusoma. Akajaribu tena, ikashindwa. Akaizima ipoe, akafungua kasha, na Zuena akashika pepeo akawa anaipepea. Walipoiwasha, hata majina hayakuonekana.

"Diski ya ndani, inayotunza picha, ndiyo inayokufa," Twalha alisema. "Kuna mtu Kariakoo, nitampelekea. Lakini sitaki kukudanganya, mama."

Mtu wa Kariakoo naye alishindwa. Zuena hakutaka kutuma salamu kwa jambo kama lile. Alipanda gari mwenyewe hadi Mohoro, akamkuta Mwantumu na mumewe, Mudathiri, wakianika mpunga uani. Akawaeleza.

Mudathiri alisikiliza mpaka mwisho. "Mwenzangu aliniambia jina aliliona kwa macho yake," alisema. "Sasa limekwenda wapi?"

Hata Twalha alipomweleza, Zuena mwenyewe hakuwa ameelewa vizuri.

"Hebu niambie kitu kimoja," Mwantumu alisema. "Siku ile mie nilibaki nje nambembeleza mdogo wake. Weye ndiye uliyekuwa naye mle ndani. Alicheka, au alinuna?"

Idi ile Zuena aliwapiga picha watoto tangu watu watoke kuswali mpaka alasiri, wote na nguo mpya, wote wamepakwa wanja. Akajaribu kumtafuta Hanifa kati yao. Angeweza kusema alicheka, na ingetosha. Lakini Mwantumu alikuwa anamtazama usoni, na ulimi wake ulikataa.

"Sikumbuki, dada. Najitahidi, lakini sikumbuki."

Mwantumu aliitikia kwa kichwa, akarudi kugeuza mpunga.

"Gauni lilikuwa la kijani," alisema baadaye, akiwa ameinama. "Hilo nalijua. Nilimvalisha mwenyewe."

Zuena alivua viatu, akapiga magoti pembeni ya jamvi, akaanza kugeuza mpunga upande wake.