Goli la Séverin Akplogan

Alain Mwenebatu hakuwa mtu wa kuogopa karatasi. Alikuwa amejaza karatasi katika nchi nne, nyingine akiwa amechutama juani, na zote zilimsogeza mbele. Kwa hiyo alipofika kwenye fomu ya uraia wa Marekani, pale inapouliza kama umewahi kutumia jina jingine lolote, aliweka alama kwenye hapana na kuendelea na swali lililofuata. Wala hakuona kwamba anadanganya. Kwa akili yake, jina ni lile unaloitwa na mama yako, na mama yake hakuwahi kumwita Séverin.

Miezi saba baadaye, zikiwa zimebaki siku kumi aende kwenye usaili, simu yake ililia akiwa katika chumba cha mapumziko cha ghala analofanyia kazi, Euless, Texas. Ilikuwa picha. Vijana kumi na mmoja wenye jezi za njano, kombe katikati, na wa tatu kutoka kushoto, mwenye nywele nyingi na mbavu za kuhesabika, alikuwa yeye. Chini yake mtu alikuwa ameandika kwa Kifaransa: "Nimekuona kwenye picha za kwaya ya kanisa lenu. Ni wewe, siyo? Mimi Gbaguidi, katibu wa klabu. Siku hizi niko Houston kwa binti yangu. Nimemaliza kuandika historia ya Varan, na safari hii naandika ukweli."

Alain alikifunika chakula chake. Njaa ilikuwa imekwisha.

Wengi hawaijui Varan Sport ya Cotonou, na si kosa lao. Varan ni kenge, na klabu inayojiita kenge isitarajie heshima kubwa nje ya mtaa wake. Siku Alain alipowaambia Wakongomani wenzake wa Haltom City kwamba alichezea kenge, walicheka hadi mmoja akamwaga soda. Lakini alichezea kweli. Alifika Benin mwaka 1998, kijana wa miaka ishirini na miwili aliyekimbia vita Uvira, na wakala aliyempeleka akatokomea na pasipoti yake. Dirisha la usajili lilikuwa limefungwa. Mshambuliaji wa Varan, Séverin Akplogan, alikuwa amevunjika mguu mazoezini. Basi katibu Gbaguidi, mtu wa tai na kalamu mfukoni, akabandua picha ya Séverin kwenye leseni ya mchezaji, akabandika ya Alain, na msimu mzima yule Mkongomani akawa Séverin: kwa marefa, kwa magazeti, hata kwa kocha alipopandwa na hasira. Kwenye fainali ya kombe alifunga goli pekee la mchezo. Likaandikwa la Séverin. Hilo ndilo kombe pekee ambalo Varan imewahi kunyakua, na hadi leo kule kuna mashindano ya vijana yanayoitwa kwa jina la Séverin, ingawa mwenyewe alishafariki.

Alain hakulalamika. Aliitafuta familia yake, akaikuta kambini Tanzania, akaoa humo, akapewa makazi Texas. Nyumbani goli lile lilifungwa upya kila alipopata wasikilizaji, na binti yake Élodie alilijua tangu hajaanza shule: kona kutoka kushoto, kipa katoka vibaya, kichwa, wavu. Jina la kwenye leseni ndilo halikuwahi kuingia katika masimulizi.

Mkewe Véronique, anayehudumia wazee kwenye makao ya Arlington, alirudi kutoka kazini akamkuta ameshika tama mezani. Alain alimweleza yote.

"Jina lingine!" Véronique alisema. "Na kwa fomu uliandika hapana!"

"Haikukuwa jina, Véro. Ilikuwa lisansi ya mupira."

"Basi uende umwelezee vile yule wa uhamiaji. Alain, mutoto anafikisha kumi na nane wiki sita zenye zinakuja!"

Hapo ndipo palipouma. Élodie alikuwa bado hajatimiza miaka kumi na minane. Baba yake akila kiapo kabla ya siku hiyo, naye anakuwa raia papo hapo, bila fomu wala foleni. Siku ikipita, ataanza safari yake mwenyewe, katika nyakati ambazo kila Jumapili baada ya ibada mtu anakuja na habari ya faili la fulani lililofunguliwa upya. Katika habari hizo hakuna faili hata moja lililofunguliwa upya likafungwa kwa heri.

Katibu alituma ujumbe mwingine, wa sauti. Alisema ana miaka themanini na moja, na madaktari wanampima kumbukumbu, na binti yake amemtundikia ubao jikoni wenye tarehe na siku. "Kwa hiyo siwezi kungoja," alisema. "Jumamosi tunasoma kitabu mbele ya watu wa Varan wote wa Texas. Njoo usimame." Alain aliogopa kuandika neno lolote kwenye simu, aliogopa hata sauti yake isibaki humo. Aliona afadhali aende mwenyewe, amshike mzee mkono pembeni, ambembeleze asubiri hadi Jumanne, siku ya usaili, ipite.

Élodie ndiye aliyeendesha. Alijua kwamba kuna sherehe ya klabu ya zamani ya baba yake, basi, na hilo lilimtosha kununua fulana ya njano. Alain alikaa kando yake akikanyaga breki isiyokuwepo. Walitoka saa mbili asubuhi. Karibu na Huntsville, lori lilikuwa limelala ubavu, na barabara nzima ikasimama kwa saa moja na dakika ishirini.

"Papa, unatoka jasho na AC iko on."

"Angalia barabara, mama."

"Barabara haiendi, Papa. Relax. Hawawezi ku-start bila wewe."

Kumbe walianza. Walipofika kwenye ukumbi ule wa kusini-magharibi mwa Houston, nyuma ya duka la vitambaa, watu kama hamsini wenye njano walikuwa wameshakaa, simu nne zikirusha moja kwa moja mtandaoni, na mbele, nyuma ya kipaza sauti, kasimama mzee mwembamba mwenye tai. Alain aliona kwamba nafasi ya kumshika mtu mkono pembeni imempita. Akavuta kiti cha mwisho kabisa, karibu na mlango, na Élodie akakaa kando yake.

Mzee alisoma vizuri, tuseme haki. Alisoma jinsi wapakuzi wa bandarini walivyoanzisha klabu mwaka 1951 wakisubiri meli iliyochelewa, na jinsi kenge alivyotoka kwenye matope ya wangwa kipindi cha pili cha mechi yao ya kwanza, akalala golini kwao, na kwa dakika saba hakuna aliyethubutu kupiga shuti. Watu walicheka. Alisoma mwaka walioshushwa daraja, wanawake wauza samaki wakagoma siku tatu. Alisoma kipa aliyefunga ndoa asubuhi na kudaka penalti jioni. Kila mwaka uliosomwa Alain aliuhesabu. Themanini na nne. Tisini na moja. Tisini na sita. Alifikiria kutoka, lakini Élodie alikuwa amemshika mkono, anafurahi.

Mzee alifika 1999, akavua miwani.

"Kwa miaka ishirini na sita nimeandika uongo," alisema. "Goli letu la kombe halikufungwa na Séverin, Mungu amrehemu. Séverin alikuwa kwenye magongo. Mimi, kwa mikono yangu, nilibandua picha yake. Aliyefunga ni Mkongomani, anaitwa Alain Mwenebatu, na yule pale mlangoni. Simama, mwanangu."

Vichwa vyote viligeuka, na simu zote nne nazo. Élodie, anayesikia Kifaransa vizuri, kukijibu ndiyo kazi, aliruka wima akipiga makofi. "That's my dad!" alipaza sauti.

Alain alisimama kwa sababu miguu ilisimama. Aliiona ile alama yake kwenye hapana. Aliona Jumanne, meza, na mtu asiyemjua akimwonyesha video hii. Aliogopa, hakuna neno jingine la kupamba, aliogopa kama mtu aliyeambiwa asitingishike.

"Samahani," alisema. "Mzee amenifananisha. Mimi sijawahi kufika Cotonou."

Mzee alimtazama, akatabasamu kidogo akidhani ni utani, kisha tabasamu likamwishia. "Lakini ni wewe," alisema. "Nilikupiga picha mimi mwenyewe, kwenye ukuta wa ofisi."

"Siyo mimi, mzee. Pole."

Mwanamke wa makamo alinyanyuka kutoka kiti cha mbele, binti yake Gbaguidi, akamwendea polepole na kumtoa kipaza sauti mkononi. Alimnong'oneza kitu. Mzee akaanza kupekua kurasa zake, mbele, nyuma, mbele tena. Mtu mmoja akasema, "Masikini, umri," na mwingine akauliza kama basi na yale ya kenge ni kweli. Ikatangazwa kwamba chakula kiko tayari.

Walipoiacha Houston nyuma kabisa, Élodie aliuliza.

"So, which one, Papa? Ulidanganya sisi ama ulidanganya yule mzee?"

"Nitakwambia siku ya Jumanne."

"Kwa nini Jumanne?"

Alain aliwasha redio. Binti alivua miwani ya jua, akaivaa tena, na maili mia mbili zilizobaki akaziendesha akiwa amekaza taya kama mama yake.

Jumanne, ofisi ya uhamiaji kule Irving ilikuwa na baridi ya kutetemesha. Ofisa alikuwa mama mmoja wa umri wake, mwenye mafua na boksi la tishu mezani. Alimwapisha, akafungua fomu, akaanza kuuliza swali moja moja akitia tiki. Anwani. Kazi. Ndoa. Safari.

"Umewahi kutumia jina jingine lolote?"

Alain alikuwa amejifunza jibu lake usiku tatu mfululizo. Lakini alipofungua mdomo aliuona uso wa yule mzee akipekua kurasa, na neno likagoma. Alishaona kule ukumbini hapana moja ilivyofanya kazi yake. Ya pili hakuiweza.

"Ndiyo," alisema. "Moja. Séverin Akplogan."

Kalamu ilisimama. Alain alieleza kwa Kiingereza chake cha ghalani, leseni, mguu uliovunjika, msimu mmoja. Ofisa aliuliza kama aliwahi kukamatwa kwa jina hilo. Hapana. Kama aliwahi kusafiria, kuoa au kuomba hifadhi kwa jina hilo. Hapana. Akamwambia alitaje herufi kwa herufi, akaliandika kwa kalamu nyekundu, akamwomba atie sahihi pembeni. Kisha akapenga kamasi na kumuuliza Marekani ina maseneta wangapi.

Ilikuwa imekwisha. Dakika nne, labda tano. Alipotoka alikuwa na karatasi inayosema amefaulu, na kiapo ni baada ya wiki tatu.

Élodie alikuwa akimsubiri kwenye gari. Alain alimweleza kila kitu palepale kwenye maegesho, bila kuruka, na alipofika kwenye Houston machozi yalimtoka. Élodie alisoma ile karatasi mara mbili.

"Ulifanya vile juu yangu?"

"Juu yako. Na juu ya woga."

"Mupigie, Papa. Sasa hivi. Weka kwa speaker."

Alipiga. Mzee alipokea mwenyewe.

"Bwana katibu, ni Alain. Wa Jumamosi. Ulisema kweli tupu. Ni mimi niliyefunga lile goli. Niliogopea karatasi zangu nikakukana mbele za watu. Naomba unisamehe."

Ukasikika mlio wa kijiko kikiwekwa kwenye sahani.

"Una moyo mzuri, mwanangu," mzee alisema. "Na jana amenipigia mwingine kunifariji. Msijisumbue. Ile sura nimeshaiondoa kitabuni."

"Usiiondoe! Ni mimi, nakwambia! Kona ilitoka kushoto, kipa akatoka..."

"Ndiyo, hayo niliwasomea. Unajua, nilikuwa na hakika. Nilikuona mlangoni nikasema, huyu hapa. Hakika kabisa. Sasa nakaa hapa najiuliza, ikiwa lile lilikuwa hivyo, ni mangapi mengine?"

"Hukukosea, mzee. Hata moja. Hukukosea."

"Asante kwa kunihurumia," mzee alisema kwa upole, na akakata.

Élodie alikuwa amefumba mdomo kwa kiganja. "Mupigie tena," alisema. Alain alipiga tena. Iliita sana, na safari hii iliyopokea ilikuwa sauti ya mwanamke, ya chini, kama ya mtu aliyetoka chumbani akavuta mlango nyuma yake.

"Kaka, najua unataka kumsaidia," alisema. "Lakini tafadhali usimchanganye tena. Ndiyo kwanza amekubali."