Chumvi Mwisho

Miaka ile redio mpya zilipoanza kusikika Dar es Salaam, kila mtu alijua kadi ya salamu inavyojazwa: jina lako, unakotoka, majina ya unaowasalimia, kisha mstari mmoja wa ujumbe. Watu wazima na akili zao walinunua kadi nzima ili waandike "Tupendane" basi. Mwajabu wa Mwananyamala aliona huo ni uchoyo mtupu. Ukipewa mstari mmoja wa kusema na jiji zima, sema kitu cha kumfaa mtu. Kwenye kadi yake ya kwanza akaandika: "Ujumbe: ukipika maharage, chumvi mwisho."

Mtangazaji alicheka mpaka akakohoa. Lakini wiki haijaisha, ikasomwa kadi kutoka Temeke: "Salamu kwa Mwajabu wa Mwananyamala. Ujumbe: nimejaribu, yamelainika vizuri. Ni mimi Demetria." Mabibo wakauliza yalowekwe muda gani. Manzese wakataka kujua kama hoho zinafaa. Mwajabu akawajibu wote, kadi kwa kadi, mstari kwa mstari, na watu ambao hajawahi kuwaona wakawa wanamsalimia kila jioni kama ndugu yao.

Mapenzi yake ya maharage hayakuanzia redioni. Alikuwa akiyachambua kwenye ungo taratibu, huku akiyasemesha. Tatizo lilikuwa sufuria. Mumewe, Mwinjuma, alikuwa amefariki mwaka wa tatu huo, na binti yao Farida ameolewa Tabora, ila sufuria ilibaki ileile ya watu wengi. "Maharage ya mtu mmoja hayanogi," alimwambia jirani yake Tabu, akimpa bakuli lingine. Tabu alipokea kila siku, ingawa wanawe walishaanza kununa wakiliona.

Basi siku moja Mwajabu akajipa moyo, akaandika: "Ujumbe: Jumapili ya mwisho wa mwezi karibuni kwangu, maharage ya nazi." Watano wakajibu kwamba watakuja. Akaazima sahani na mikeka kwa Tabu wiki mbili kabla, kama anayeoza binti.

Hapo ndipo Manzese wakauliza nazi inatiwaje. Jibu halikutosha mstari mmoja, kwa hiyo Mwajabu akajaza kadi tatu: ya kwanza, yachemshe mpaka yaive kabisa, ya pili, tia kitunguu na tui jepesi, ya tatu, mimina tui zito. Akazituma zote siku moja. Namba hakuweka, nani anaweka namba kwenye salamu? Mtangazaji akachomoa kadi kutoka kwenye rundo, na iliyotoka ni ya tatu: "Ujumbe: sasa mimina tui zito, koroga, usifunike." Zile mbili zikabaki chini ya rundo. Na watu, kwa jinsi walivyomwamini, wakamimina juu ya maharage mabichi.

Majibu hayakuchelewa. Manzese: "Ujumbe: tui limekatika." Mabibo: "Ujumbe: maharage mawe, mume kalala na chai tu." Demetria wa Temeke aliandika tu, "Ujumbe: tutaonana Jumapili," na Mwajabu hakujua kama hiyo ni ahadi au ni tishio.

Akazima redio. Aibu ilimuuma, lakini kilichomuuma zaidi ni kufikiria kuila tena sufuria ile peke yake.

"Hawaji," alimwambia Tabu.

"Wakija je? Pika, shoga."

Akapika. Aliyaloweka tangu Jumamosi, akakuna nazi tatu, akaunga kwa tui jepesi, kisha zito, akikoroga bila kupumzika. Ikabaki chumvi tu. Saa saba ikapita, saa nane ikapita.

"Tia chumvi tule," Tabu akasema.

"Ngoja kidogo."

Saa tisa Mwajabu akaipua sufuria na kuanza kuzikusanya sahani za watu azirudishe. Mara akasikia sauti ngeni kule kichochoroni, inaita kama ya muuza samaki:

"Chumviii!"

Kundi likaitikia: "Mwisho!"

Sahani zilimponyoka, kidogo zivunjike. Kumbe watu walikuwa wanazunguka Mwananyamala tangu saa sita, maana kadi zake hazikutaja hata jina la mtaa. Walipochoka kuuliza, wakaamua kupiga kelele. Na hawakuwa watano, walikuwa kumi na mmoja. Mbele yao alisimama mwanamke mrefu wa kitenge, amebeba sufuria iliyoungua.

"Shikamoo mama. Mie ndo Demetria. Hii ndo uliyoniunguzia. Tumekuja utufundishe upya, ila safari hii uanzie mwanzo!"

"Marahaba mwanangu, marahaba," Mwajabu akasema.

Wakaketi mikekani, wakapakuliwa. Kijiko cha kwanza kikaingia mdomoni. Wakatazamana.

"Mama," Demetria akasema kwa adabu, "mbona hayana chumvi?"

Mwajabu akashika kichwa. Kisha akaanza kucheka, machozi yakimtoka.

"Si niliwaambia mwisho? Nilikuwa nawangoja nyie!"

Kibakuli cha chumvi kikazungushwa kutoka mkono hadi mkono. Wakaomba kuongezwa, wakaongezwa tena, na kwa mara ya kwanza tangu Mwinjuma afariki, ile sufuria ikakwanguliwa mpaka chini. Siku hiyo Tabu hakupata bakuli la kupeleka nyumbani.